Biskuti za Sperancia na Futari ya Ndama

Sperancia wa Nyakakika alianza kuoka biskuti kwa sababu ndizi mbivu zilikuwa zinamwozea. Alizikamua, akakanda unga wa ngano kwa juisi yake badala ya sukari, na mumewe Rwezaura akamjengea tanuri la matofali nyuma ya jiko. Mwaka wa kwanza aliuza nje ya kanisa baada ya misa. Kufikia mwaka wa nne familia nzima ilikuwa inaoka, na Mwanahalima, mwenye duka mjini Kayanga, alikuwa mteja wao mkubwa.

Kabla ya kununua ndoo ya kwanza ya biskuti, Mwanahalima alimuuliza Sperancia jambo moja tu. "Mama Koku, wateja wangu wengi ni Waislamu kama mimi. Juisi hii haichachi?"

"Inakamuliwa asubuhi, mchana imeshaokwa. Ikichacha naimwaga."

Biashara ilikua kwa neno hilo. Haikukua kwa ujanja.

Ramadhani ya mwaka huu Mwanahalima aliagiza ndoo thelathini. Wiki hiyohiyo Kokubanza, binti yao aliyeolewa Kyerwa, akajifungua. Sperancia akaenda kumuuguza, kazi akamwachia wifi yake Evaresta. Alimwonyesha vipimo vya unga, moto wa tanuri na namna ya kupanga ndoo. Kuhusu juisi hakusema kitu. Aliona ni kumdharau mwanamke wa Karagwe kumfundisha kukamua ndizi.

Alirudi siku ya sita, saa nane mchana. Ndoo zilikuwa zimeshachukuliwa asubuhi. Alipofika kwenye banda la kuokea, harufu ilimsimamisha mlangoni. Mtumbwi wa kukamulia ulikuwa umefunikwa kwa majani ya mgomba. Akayainua, akaona povu, na juu ya povu chenga za mtama uliokaangwa.

"Wifi, hii si rubisi?"

"Ulitaka iwe nini?" Evaresta alicheka. "Kwa baba mtumbwi haukai bila mtama. Juisi yako ya siku moja ilitoa biskuti bapa kama ndala. Nilipokandia hii ya siku tatu, zikaumuka zenyewe! Wateja wako watakula huku wanaimba."

Pombe ya ndizi ilikuwa ndani ya ndoo thelathini, na jua likizama, watu waliofunga tangu alfajiri wangefuturu kwa biskuti hizo.

"Moto umeshaiunguza pombe yote," Rwezaura alisema kutoka upande wa tanuri. "Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Ukisema, umelizima tanuri kwa mkono wako. Tutakula nini, Mama Koku?"

Sperancia alimpigia Mwanahalima simu mara tatu, haikupatikana. Akaita bodaboda.

Njiani alijiona akifukuzwa mbele za watu, jina lake likitajwa msikitini na kanisani, tanuri likiota majani. Mara mbili alitaka kumwambia dereva ageuze. Wengi wangemsifu kwa kunyamaza, waseme ametumia busara kulinda nyumba yake. Si busara. Anayenyamaza hivyo anawalisha wenzake kitu asichothubutu kukitaja mbele yao.

Alifika dukani saa kumi na moja na nusu.

"Mama Koku! Mbona unatetemeka kama kuku aliyelowa?" Mwanahalima alimpokea akicheka. "Umeniibia nini?"

"Nimekuibia, dada. Juisi ilichacha, ikatiwa mtama. Biskuti zote zina rubisi. Kosa ni langu, sikuelekeza watu."

Mwanahalima aliacha kucheka. Alizitazama ndoo zilizopangwa ukutani, akazihesabu kwa kidole.

"Hapa ziko ishirini na nane. Mbili amechukua mzee Shehe wa kule Ndama. Leo anafuturisha watu arobaini."

"Mpigie!"

"Simu yangu imezima tangu asubuhi, umeme hakuna, na namba zake zimo humo." Akaanza kufunga milango ya duka. "Hata ingewaka nisingepiga. Utamwambia mwenyewe."

Walipanda bodaboda moja, wote wawili nyuma ya dereva. Jua lilikuwa limekaribia milima. Sperancia aliomba wawahi, na papo hapo aliogopa kuwahi.

Nyumbani kwa mzee Shehe mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Watu walikuwa wamekaa, wameshanawa, tende na biskuti zikiwa mbele yao kwenye sinia.

"Karibuni, mmewahi," mzee Shehe alisema. "Sogeeni mkekani."

Kutoka msikitini kipaza sauti kilianza kukoroma, na mtoto mmoja akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Shikamoo, mzee. Msizile hizo biskuti! Zina pombe. Nimezioka mimi."

Nyuso arobaini ziligeuka. Mama mmoja aliushika mkono wa mtoto. Adhana ikaanza, na watu wakafuturu kwa tende na maji. Biskuti zikarudishwa ndooni, sinia baada ya sinia. Mzee Shehe hakumfukuza, wala hakumkaribisha tena. Mwanahalima alikaa mkekani na wenzake, akampa mgongo.

Sperancia alibaki amesimama mlangoni, kanga ameibana kwa mikono miwili, akisubiri aambiwe neno.