Tangazo la Mazishi Yangu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja niliamka nikiwa mzima wa afya, nikawasha simu, nikakuta nimekufa. Cheka kidogo kisha unisikilize, maana juzi mwalimu alikuingiza katika kundi letu la mtandaoni, lile la darasa la usanifu wa picha, na humo mimi ndiye mwanafunzi mkongwe kuliko wote. Wenzako wananiita Shosho, bibi yao. Lipo jambo nataka ulijue kabla hujaanza kututumia kazi zako.

Nilijiunga na chuo hiki cha ufundi hapa Nkubu mwaka uliofuata kifo cha mume wangu. Nilikuwa nimestaafu ualimu, watoto wameoa na kuolewa, na nyumbani tulibaki mimi na saa ya ukutani. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Mama mzima na mvi zake aende kujifunza kutengeneza mabango kwa kompyuta pamoja na watoto wa juzi? Elimu haina mwisho, niliwajibu, lakini ukweli ni kwamba sikufuata elimu peke yake. Nilikuwa nimechoka kupika chakula cha mtu mmoja.

Darasani tulikutana mara chache kwa wiki. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kundi. Ukimaliza rasimu unaituma humo, wenzako wanaikosoa, unarekebisha, unaituma tena. Mwalimu alikuwa na sharti moja tu: usisifu kazi ya mwenzako bila kusema cha kurekebisha. Mwanzoni yaliniuma. Mimi niliyesahihisha watoto wa watu kwa kalamu nyekundu tangu ujana wangu, leo msichana aitwaye Kawira, aliye sawa na mjukuu wangu, ananiandikia: "Shosho, hizo herufi zimebanana kama watu kwa foleni ya maji." Nilinuna. Kisha nikazitazama tena, nikaona kweli zimebanana. Basi nikazoea, na jioni zangu zikawa na shughuli. Simu ikilia pale jikoni, najua kuna mtu anatazama kazi yangu.

Siku moja mwalimu akatupa zoezi la kutengeneza tangazo la mazishi. Wewe ni wa huku, unajua mambo yalivyo: mtu akifa, kabla hata kamati ya mazishi haijaketi, picha yake yenye maua pembeni imeshafika kwenye simu za ukoo mzima. Mwalimu akasema tusitumie picha ya mtu bila ruhusa yake, na hapo darasa zima likakwama. Nani atoe ruhusa hiyo? Kwetu kuweka sura ya aliye hai kwenye tangazo la kifo ni kujiitia mkosi, na vijana hawa wanaojifanya hawaamini kitu waliogopa kuliko mimi. Nikawaambia kifo kinapajua kwangu, hakihitaji kuelekezwa. Nikaweka picha niliyopigwa kwenye harusi ya binti yangu, yenye kilemba cha buluu, nikaandika jina langu kamili, na kwenye pembe ya chini neno "Zoezi". Nikatuma.

Wakanikosoa vizuri. Picha isogee kushoto, zambarau ipunguzwe. Kawira akasema tarehe imemezwa na maua, nibadilishe fonti. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Mwenzetu mmoja, Mwenda, aliipenda ile kazi, akaiweka kwenye status yake ili watu waone darasa letu linavyojituma. Hakuwa na nia mbaya. Ila simu yake ilikata pembe ya chini ya picha, na neno "Zoezi" likaenda na pembe hiyo. Kufika asubuhi nilikuwa marehemu kwenye kundi la kanisa, la ukoo, la walimu wastaafu, hadi lile la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Nilisoma yote nimesimama jikoni, maharagwe yakiungua. "Lala salama mama yetu." "Mti mkubwa umeanguka." Mwanamke ambaye hakuwa amenisalimia tangu tugombanie mfereji wa maji aliandika kwamba nilikuwa nguzo ya kijiji. Nilipendwa sana asubuhi ile, mwanangu, na nilikuwa peke yangu. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Labda ni haki yao, nani humpigia marehemu? Lakini nina geti, na majirani wanauona moshi wa jikoni kwangu. Nikaketi nikingoja. Niliyemngoja hasa ni kijana wangu wa kiume, anayefanya kazi Mombasa.

Simu ikalia. Hakuwa yeye, alikuwa mzee wa ukoo wetu. Aliposikia sauti yangu alikohoa, kisha akasema, "Aa, kumbe uko. Kijana wako amenipigia sasa hivi. Anauliza kama kamati imeanza kukaa."

Hapo ndipo nilipolia. Mtoto niliyemzaa ameona nimekufa, na mtu wa kwanza kumtafuta ni wa kamati. Lakini nilipojipima nikaona hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa miaka yote akinipigia mimi husema niko sawa, usijisumbue, na kweli akaacha kujisumbua. Nikajiondoa kwenye makundi yote, la darasa likawa la mwisho, nikaizima simu. Nikasema basi, kompyuta niwaachie wenyewe, nikae nizeeke kimya kimya.

Mchana geti likagongwa. Nikamkuta Kawira, viatu vimejaa matope mekundu, kompyuta mgongoni. Hakuwahi kufika kwangu. Alikuwa ameuliza njia kwa wauza ndizi.

"Shosho, mbona umetoka kwa grupu?"

"Kwani hujasikia nimekufa?"

"Hiyo nilijua ni zoezi. Si ni mimi nilikuambia tarehe haisomeki?" Akanitazama vizuri usoni. "Lakini ulisema utanijibu hiyo maneno ya fonti, na hukunijibu. Na wewe hujibu kila mtu. Nikaona heri nikuje."

Nilimkumbuka mama yangu. Nikiwa msichana, wanawake wa kijijini walilimiana kwa zamu, leo shamba letu, kesho lenu, kila mmoja na mstari wake. Siku moja nilimaliza wangu kabla ya wengine, nikaketi kando nikijiona hodari. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, "Hujamaliza. Tazama nyuma, mstari wa nani umesimama?" Nikatazama, nikaona mwenzetu mmoja ameinama na jembe haliendi. Alikuwa mgonjwa tangu asubuhi na hakutaka kusema. Kawira hajawahi kulima kwa zamu, lakini aliuona mstari wangu umesimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile nilipona. Tulikula maharagwe yaliyoungua, tukabadilisha fonti pamoja pale mezani, kisha nikawasha simu, nikaomba nirudishwe kundini.

Kijana wangu alipiga jioni. Hatukusema mengi, alilia kidogo, kisha akaniuliza nimekula nini. Siku hizi huniuliza hivyo Jumapili, akikumbuka. Nyumba bado ni kubwa kwa mtu mmoja, sitakudanganya.

Basi, mwanangu, ukituma kazi yako humu na mtu akakwambia ni mbaya, usinune kama nilivyonuna. Aliyeona kosa lako amekutazama, na wanaotazama si wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kosoa wenzako kwa upole, nawe ukubali kukosolewa. Na kuliko yote, mjue aliyezoea kujibu. Akinyamaza, usimwandikie maneno matamu ukaendelea na yako. Mtafute.

Tangazo langu limekamilika. Kawira amelihifadhi, limebaki kujazwa tarehe tu. Siku utakapoliona tena, usiandike lala salama. Piga simu kwanza. Nikiwa hai nitapokea.

Mungu wa mama yangu akupe mkono mwepesi na jicho la kuona nafasi iliyo wazi. Na siku utakaponyamaza wewe, akujalie mtu mmoja wa kuja kugonga geti.