Mafuta ya Goti, Mafuta ya Kifua

Mtaani walimwita Bi Pua, na jina lilimkaa kweli. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye pipa nyuma ya nyumba, mvuke ukapoa, akakinga mafuta yenye kile kiini kikali kinachozibua pua na kuchoma macho. Makali yenyewe aliwauzia wenye maumivu ya viungo. Ya watoto aliyazimua kwa mafuta ya alizeti mpaka yakawa mapole. Chupa zote zilifanana, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama. Waliomshauri aandike aliwacheka: karatasi za nini, na pua anayo?

Kisha akashikwa na mafua. Homa iliondoka, ikaenda na harufu zote. Kitunguu, sabuni, moshi, vyote vikawa sawa na hewa tupu. Hakumwambia mtu. Bi Pua asiye na pua, nani angenunua kwake? Aliogopa, akajipa moyo kwamba atazijua chupa kwa mahali alipoziweka. Ukaidi wake huo, Mungu amsamehe.

Asubuhi moja seremala akaja anachechemea, akaweka chupa mezani. Akalalamika kwamba mafuta aliyochukua jana hayana kitu, goti liko vilevile, afadhali angejipaka maji. Bi Pua akamwomba ayanuse. Seremala akanusa, akasema yananukia kwa mbali tu, kama ya mtoto.

Jana hiyohiyo Bi Pua alimpa bintiye chupa nyingine, ampake mjukuu kifuani kwa ajili ya kikohozi. Mjukuu mwenyewe hajaota hata jino.

Alitoka mbio bila viatu, seremala akabaki na goti lake na maswali yake. Njia nzima alikiona kile kifua kidogo kikitafuta pumzi. Alifika kwa bintiye, akaingia bila hodi, akamnyanyua mtoto kitandani na kuzamisha uso kifuani pake. Hakuna harufu. Akashusha pumzi. Hajapakwa, ashukuriwe Mungu.

Ndipo akakumbuka kwamba hata angetumbukizwa ndani ya pipa lake, asingesikia kitu.

Binti akaingia na beseni, macho mekundu. "Mama, chumba kizima kinanuka, husikii? Nilipofungua tu yakanichoma macho. Nikajiambia, mama hakosei. Nimempaka sasa hivi."

Mtoto alikuwa amelegea, pumzi zikija kwa kukwamakwama. Wakamvua, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakakimbia naye zahanati, chupa mkononi. Muuguzi akamwekea hewa puani, akafungua chupa, akageuza uso upesi. Akauliza mafuta haya yana makali kiasi gani.

Binti akamtazama mama yake, maana siku zote majibu ya namna hiyo yalitoka kwake. Bi Pua alitamani kuendelea kuficha. Lakini mtoto alikuwa anahangaika pale mbele yake.

"Ni makali yenyewe, hayajazimuliwa," akasema. "Nimechanganya chupa. Sisikii harufu tena, mwanangu. Tangu yale mafua."

Walikaa kwenye benchi wakisikiliza kila pumzi, wakiiogopea inayofuata. Jua lilikuwa limeshapanda mtoto alipokohoa, akavuta hewa na kulia kwa sauti yake yote. Muuguzi akatabasamu, akampa binti mtoto ampakate.

Bi Pua akanyoosha mikono ampokee, kama alivyozoea. Binti akamhamishia mtoto kwenye bega la pili, lile la mbali.