Kwenda Amer kwa Njia ya Ruiru

Nilikuwa nimewapeleka watu India mara tano, na mimi mwenyewe sijawahi kuona hata bahari.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nikiuza vitambaa katika duka moja mjini Thika. Mwenye duka, Mhindi wa makamo aliyezaliwa papa hapa Kenya, alikuwa amerudi kutoka safari ya wiki tatu kaskazini mwa India pamoja na mkewe. Hakuwa amekwenda kwao, maana ukoo wake ulitoka pwani ya magharibi, mbali na kule. Alikwenda kama mgeni yeyote, akamlipa kiongozi wa watalii awazungushe kwa gari, Delhi, Agra, Jaipur, ngome baada ya ngome, kasri baada ya kasri, na mwisho porini kutazama wanyama. Alirudi na sanduku la picha ndogo za rangi, kila moja katika fremu yake ya karatasi ngumu, na mashine ya kuzirusha ukutani.

Habari zikaenea, na Jumapili moja tukaalikwa kuzionyesha katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda. Tajiri wangu alisimama mbele akaeleza mwenyewe: hii iko nyumba ya mfalme, hii iko nyumba ya mfalme ingine. Kufika nyumba ya nne watu walikuwa wanasinzia. Alinigeukia, akaniambia, "Wewe iko na mdomo. Sema wewe."

Mdomo nilikuwa nao kweli. Sikusema kamwe kwamba hii ni picha ya ngazi. Nilisema, sasa tunapanda, akina mama tangulieni, angalieni jiwe la tatu limelegea. Niliwaona watu gizani wakiinua miguu. Majina na habari za wafalme nilizipata kwa tajiri, na katika kijitabu alichopewa na yule kiongozi. Jiwe lililolegea lilikuwa langu. Joto la mawe, harufu ya bustani, sauti ya tausi juu ya ukuta, hayo yote yalikuwa yangu, nikiyatoa kichwani jinsi fundi anavyotoa misumari mfukoni. Niliifanya kazi hiyo vizuri, na nilijua ninaifanya vizuri. Sisi Wakikuyu hatukuruhusiwa kutoka Thika hadi Ruiru bila kitabu cha pasi kilichopigwa muhuri, lakini ndani ya ukumbi tuliingia lango la Delhi watu mia moja kwa mpigo, na hakuna askari aliyetuuliza kitabu.

Kwa kuwa nilisema "tulipanda" na "tuliona", wengi waliamini nimefika. Sikuwahi kusema nimefika. Sikuwahi kusema sijafika.

Mara ya tano tulikuwa Kamenu, mtaa wa hapo hapo Thika. Watu walipotoka, mwanamume mmoja alibaki nyuma akinisubiri nifunge sanduku. Nilimjua kwa sura, kama kila mtu wa Thika: dereva wa lori katika shamba la mkonge, mtu wa magharibi mwa Kenya, mrefu, mpole, mwenye koti la jeshi lililofuliwa mpaka likapoteza rangi. Wenzake walimwita Bwana Vioo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa dereva wa jeshi, akapelekwa Burma kupitia India, na kapteni wake alipopata likizo alimchukua amwendeshe akatazame majumba ya wafalme. Katika ngome ya Amer, nje ya Jaipur, waliingia chumba ambacho kuta na dari yake vilikuwa vioo vitupu, vipande vidogo kama kucha, maelfu. Mlinzi aliwasha mishumaa na chumba kikawa mbingu ya usiku yenye nyota zinazotembea. Aliporudi nyumbani alisimulia, na tangu siku hiyo, miaka zaidi ya kumi, ilikuwa mzaha. Nani anajenga nyumba kwa vioo vya kunyolea? Mtu akisema jambo lisiloaminika kule kambini kwao shambani aliambiwa aende akakae na Bwana Vioo. Ikafika mahali lori likiharibika na dereva huyu akieleza lilivyoharibika, nyapara anatuma mtu mwingine akahakikishe.

Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa watu. Yeye aliniuliza swali moja tu, kama katika picha zetu chumba cha vioo kimo. Siku hiyo hatukufika Amer, mashine ilikuwa imepata moto tukaishia Agra. Nikamjibu bila kufikiri kwamba Jumapili ijayo, Ruiru, ataona kila kitu. Kila kitu kimo, nilisema. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema atakuja na wenzake, na mkewe pia, kwa sababu mkewe alikuwa amemwomba aache kusimulia habari hiyo, watoto wanachekwa shuleni.

Siku ya Ijumaa nilizipanga picha mezani dukani, moja moja, nikiziinua kwenye mwanga wa dirisha. Za Amer zilikuwa tisa. Ngome yenyewe juu ya kilima, rangi ya asali. Ndovu waliopakwa maua usoni. Lango lenye nakshi. Mlango mmoja wa upinde, mweusi ndani. Bustani. Chumba cha vioo hakikuwamo. Ningeweza kumtumia habari mkongeni, njia ilikuwepo. Sikumtumia. Nilijiambia kwamba ule mlango mweusi unatosha, na mdomo wangu utafanya yaliyobaki.

Ukumbi wa Ruiru ulikuwa ghala la shamba la kahawa, na umeme ulitoka kwenye injini ya kiwanda. Tulianza saa nane mchana baada ya kanisa, ili watu wawe nyumbani kabla ya kafyu. Madirisha yalizibwa kwa magunia ya kahawa, na jua lilipenya katika nyuzi zake likawa kama vumbi la dhahabu. Tajiri aliunganisha mashine na umeme, akaona inawaka sawasawa, akaenda madukani kumwona ndugu yake hadi saa kumi. Nilibaki na wachumaji wa kahawa pengine mia na hamsini, wengi wao wanawake, wameketi sakafuni na kwenye mabenchi. Benchi la tatu alikuwa dereva na koti lake, mkewe amejifunga kitambaa cheupe cha kanisani, na wanaume watatu kutoka mkongeni. Mkubwa wao, Mkikuyu mnene mcheshi, ndiye aliyetunga lile jina la Vioo. Walikuwa wamepewa pasi zao kwa taabu na hawakutaka zipotee bure.

Mimi nilisimama nyuma, kando ya mashine, na sauti yangu ikapita juu ya vichwa vyao. Tuliingia Ngome Nyekundu ya Delhi. Tulikwenda Agra, tukalizunguka kaburi la marumaru alilojengewa mke wa mfalme, na cucu mmoja, bibi mzee aliyeketi mbele, akataka kujua yule mke alipika nini cha ajabu hivyo. Tuliingia porini. Simbamarara wa tajiri wangu alikuwa mistari tu ndani ya nyasi, na kila mara ilibidi nimtafute kwa kivuli cha kidole.

"Huyo ni paka," akasema yule mnene. "Nimeacha paka kama huyo jikoni."

Nikamwambia paka huyo anakula ng'ombe mzima, na cucu akajibu kwamba basi ni mume wake. Ghala lote lilicheka. Nilipita mabwawa ya Bharatpur yaliyojaa korongo na bata wa kila rangi, kulungu wakinywa maji, tausi amefungua mkia barabarani. Nilikuwa na nguvu kuliko siku zote. Nikaingia Amer kama mtu anayeingia kwao.

Tulipanda kilima pamoja na wale ndovu. Tulipita lango. Halafu ukaja mlango mweusi, na kabla sijafungua kinywa yule mnene alisema kwa sauti ya juu, bila kugeuka, "Kijana, simama hapo. Bwana Vioo ametutoa Thika kwa sababu yako. Alisema umesema utatuonyesha. Hicho chumba kiko wapi?"

 Mke wa dereva alikuwa ameinamisha kichwa.

Maneno yangu yalikuwa tayari. Chumba kiko ndani ya mlango huu, mimi mwenyewe nimekiona, ni kweli tupu. Sentensi tatu, na ningezisema vizuri, na wangeniamini. Lakini nilimwona dereva amenyanyua uso kuelekea ule mlango ukutani, si kwangu, na kwa upande niliona shavu lake likitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Nikaona wazi kwamba ningemtetea kwa ushahidi wa uongo, na siku uongo wangu ukijulikana, uongo huo na ukweli wake vingetupwa shimo moja.

"Picha ya chumba haimo," nilisema. "Nilimwambia imo kabla sijaangalia. Kosa ni langu, si lake. Na mimi sijafika India. Sijafika popote. Kati yetu humu, aliyefika katika nyumba hii ni yeye peke yake."

Manung'uniko yakaanza. Mtu mmoja nyuma alisema tumedanganywa Jumapili nzima. Yule mnene alianza kucheka, cheko la chini, la mtu aliyeshinda dau.

Dereva alisimama. Alipita katikati ya waliokaa sakafuni, akiomba njia, mpaka ukutani, na ngome ya Amer ikamwangukia kwenye koti na usoni.

"Usibadilishe bado," aliniambia. Akawageukia watu. "Huu mlango tunaingia. Tunapita ua, tunapanda ngazi nyembamba, mtu mmoja mmoja. Juu kuna madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kichungi cha chai. Wake za mfalme walichungulia hapo, wao wanaona na wewe huwaoni. Ukitazama chini kuna ziwa. Katikati ya ziwa kuna bustani, lakini haikulimwa kwa mistari kama zetu. Imekatwa kwa kuta ndogo ndogo, kama nyota. Nyuma yake kuna mlima, na juu ya mlima kuna ukuta unapanda na kushuka, unafuata mgongo wa kilima mpaka macho yanachoka."

Picha iliyofuata ilikuwa mkononi mwangu. Niliiinua kwenye mwanga uliovuja pembeni ya mashine, ingawa niliijua.  Nilisema, haya, na nikaisukuma.

Ziwa lilikuja ukutani, na ndani yake bustani, nyota ndani ya nyota, na nyuma yake mlima na ule ukuta ukipanda na kushuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Vichwa viligeuka kutoka kwenye picha kwenda kwa dereva na kurudi, kama vya watu wanaohesabu upya. Cucu alisogea mbele zaidi. Mke wa dereva alikuwa ameinua kichwa.

 Yule mnene nilimwona mgongo tu. Aliposema, sauti haikuwa ile ya mzaha.

"Haya. Tukitoka kwenye madirisha hayo, tunapitia wapi kwenda kwenye vioo?"

"Tunashuka," dereva alisema. "Kulia. Njoo."

Akawapeleka. Sikuwa na picha ya kumsaidia, kwa hiyo niliacha bustani ukutani, na yeye akasimama ndani ya ziwa akisimulia. Hakuwa na ufundi wangu. Alirudi nyuma, alisahihisha, alisema hapa sikumbuki. Alieleza mlinzi mzee aliyewavua viatu, na kapteni aliyeona haya kwa sababu soksi yake ilikuwa na tundu. Alieleza moto ulipowashwa. Alisema alijiona mwenyewe juu, mdogo mara elfu, na katika kila kipande alikuwa hai, na wiki tatu kabla alikuwa amewazika vijana wanne wa gari lake. "Ndiyo maana sikuweza kunyamaza," alisema. "Watu walidhani nasifu nyumba."

Aliyasema hayo akimtazama mkewe. Mkewe alimuuliza kitu kwa lugha yao, kwa sauti ndogo, na yeye akamjibu kwa kichwa. Kisha maswali yakaanza kutoka kila upande, yule mnene akiwa wa kwanza, na akiwanyamazisha wengine wakati dereva anajibu.

Hata mlango wa ghala ulipofunguka nyuma yangu sikuusikia. Tajiri wangu alikuwa amerudi. Alitazama saa, akatazama picha iliyosimama, akaniuliza kwa nini bulbu inaungua bure, na yule mtu mbele ni nani. Nikamwambia ni mtu aliyefika Amer, anaeleza chumba cha vioo, kwa kuwa sisi hatuna picha yake. Nilimuuliza kama ni kweli kiko hivyo. 

Tajiri alivua kofia, akaigeuza mikononi. Alikiri kwamba hajui. Siku ile jua lilikuwa kali, miguu ya mkewe ilivimba, wakapiga picha chache na kurudi garini. Kiongozi alipiga kelele kuhusu vioo, lakini wao hawakuingia. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu.

Akabaki amesimama kando yangu, anasikiliza. Baada ya kitambo akanyoosha mkono kama mwanafunzi, na dereva, macho yakipambana na mwanga wa mashine, akamwashiria aseme.

"Bwana," tajiri wangu aliuliza, "mlinzi yeye washa mshumaa ngapi?"

"Miwili, mzee," dereva alijibu. "Lakini njoo mbele, huko nyuma hutaona."

Tajiri akapita katikati ya wachumaji wa kahawa, kofia mkononi, na cucu akamsogezea nafasi sakafuni.