Chokaa ya Wageni

Ijumaa iliyopita, nikiwa navua viatu mlangoni baada ya kutoka msikitini, binti wa karani wetu wa zamani kule Chovae, kisiwa chetu cha Wabajuni pwani ya Somalia, alinipigia simu kuniambia baba yake amefariki. Amefia hapa hapa Mombasa, kitandani kwake, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba umetiwa sukari nyingi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikalia. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu bila kumjua, maana nimewahi kumtania humu kama mtu bahili kuliko wote niliokutana nao. Leo nataka kuyarekebisha maneno yangu. Nilisema nusu tu ya habari, na nusu niliyoificha inanihusu mimi.

Vita vilipoanza na serikali kuanguka, sisi visiwani tulibaki na kiofisi chetu: chumba kimoja, mwenyekiti, kamati, yeye karani, na mimi mwalimu wa shule niliyepewa kazi ya mapokezi. Wavuvi walitoa sehemu ya kamba mawe waliowavua ili ofisi ijiendeshe, nayo ikajiendesha kweli! Boti ya ofisi ilikwenda Ras Kamboni na kurudi kumfuatia mwenyekiti sigara na mirungi. Watawala wa bara walibadilika kila tulipogeuza uso, na kila mpya alipokuja kututazama, tulichinja mbuzi, tukatandika mikeka mipya, tukapaka chokaa mawe yaliyopangwa njia nzima kutoka pwani hadi ofisini. Mawe hayo niliyapanga mwenyewe kwa kuvuta uzi, na nilijivunia sana unyoofu wake. Karani, ambaye alikuwa akigeuza bahasha kuukuu ndani nje ili aziandikie tena, alikuwa akiniangalia tu akitikisa kichwa.

Kisha wakaja watu wenye bunduki. Walichukua milango, injini na masufuria, halafu mmoja wao akadai kuwa Wabajuni huficha dhahabu chini ya jabia, lile birika kubwa la kukingia mvua ambalo kisiwa kizima kililitegemea. Wakaipiga sakafu yake sururu mpaka maji yote yakazama mchangani. Hawakupata hata hereni. Visima vyetu vilikuwa vya maji ya chumvi, kwa hiyo wanawake wakaanza kuvuka kwenda bara na madumu, na bara kulikuwa na bunduki zaidi. Dada yangu, mjamzito wa miezi saba, alikuwa miongoni mwao. Siku anazovuka, mama alikuwa hagusi chakula mpaka amwone amerudi. Masika yalikuwa yamekaribia, na jabia lisipozibwa kabla ya mvua, ingekuwa na maana ya mwaka mwingine wa kuvuka.

Katikati ya hayo tukapata habari kwamba mkubwa mpya anakuja. Ghalani palikuwa na chokaa ya tanuu niliyoiagiza kwa ajili ya mawe yangu, na uani palikuwa na mbuzi wawili. Karani akasimama kikaoni akasema vyote viende kwenye jabia. Nikamjibu kwa madaha, kama mtu anayejua siasa, kwamba mkubwa akipokelewa vizuri atatutengenezea jabia yeye mwenyewe. "Mwalimu," akasema kwa lafudhi yetu ya Kibajuni, "tumeshapokea wachu watatu. Nani kati yao alituletea hata ndoo?" Kamati ikaniunga mkono mimi. Siku ya pili nikakuta ghala tupu. Karani, mwenye funguo, alikuwa amewapeleka mbuzi kule Kudhaa jirani kumlipa fundi wa kupiga lipu, na chokaa yote ilikuwa imeshachanganywa na mchanga kando ya jabia. Nilimwendea, nikamwita mwizi mbele ya watu. Akafuta mikono kwenye kikoi chake. "Haya, mimi mwizi," akasema. "Basi nishikie ndoo hii." Sikuishika.

Mkubwa alishuka na walinzi wake akakuta mawe meusi, hakuna mkeka, hakuna harufu ya nyama. Akauliza kwa Kisomali mapokezi yako wapi, na mwenyekiti akanitazama mimi. Karani akajitokeza, mikono myeupe hadi viwikoni, akamjibu kwa Kisomali hicho hicho: "Yako ndani ya jabia, mkubwa. Ukitaka kuyaona vua viatu, lipu bado mbichi." Wallahi nilianza kusoma shahada! Yule bwana akainama akafungua kamba za viatu, akashuka ngazi mwenyewe. Alipopanda aliuliza mvua zetu huanza lini, akala wali na samaki pamoja na fundi, akaenda zake. Hakutuletea hata ndoo, kama alivyosema karani, lakini hakutugusa.

Mvua ilinyesha baada ya majuma machache. Dada yangu hakuvuka tena, na mwanawe wa kwanza alioshwa kwa maji ya jabia lile. Mwaka uliofuata vita vilituzidi, tukakimbia kupitia Ras Kamboni hadi Kiunga, upande wa Kenya, kila nyumba na dumu lake lililojazwa jabiani. Mimi nilikunywa maji yale njia nzima na bado sikumwomba radhi. Tulikuja kuwa majirani Mombasa, nikamtania kuhusu bahasha zake miaka na miaka, naye akacheka. Lile neno mwizi halikutajwa, si naye wala nami.

Ninamfikiria kila ninapowaona wakubwa wa leo, wa nchi yoyote, wakienda kuwapa pole watu waliofikwa na mafuriko au moto. Utaona msururu wa magari, mahema ya viti vya vitambaa, wapishi, fulana zilizopigwa chapa kwa siku moja. Halafu anasimama mtu mbele ya waliolala nje anawaambia fedha za kuwajengea hazipo. Zipo, jamani! Wameketi juu yake. Nilikuwa mmoja wao, nikiwa na uzi mkononi, na najua kwamba sikuwa mtu mbaya. Nilipenda tu kitu kionekane kizuri kwa mgeni, na kila mara niliamini mgeni huyu ndiye atakayetusaidia.

Na bado sijapona. Siku ya maziko nilijipa tena kazi ya mapokezi. Niliagiza mahema mawili na masufuria makubwa ya biriani kwa ajili ya hitima, nikijiambia kwamba angalau safari hii nitamheshimu. Binti yake akanivuta pembeni. "Ami," akasema, "baba ameacha wasia. Dua isomwe, watu wapewe kahawa na tende, basi. Aliambiwa na waliorudi Chovae kwamba jabia limeanza kuvuja. Pesa ya biriani inunue chokaa." Nikamwuliza nani atakayesimamia. Akaona haya kidogo, kisha akatabasamu: "Amekutaja wewe. Alisema, mpeni Mwalimu, namdai kushika ndoo."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia vizuri, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi. Nikampigia mpishi simu, nikafuta biriani. Wapo walionung'unika walipoona tende peke yake, na mmoja aliniuliza kwa sauti mtu gani anazikwa hivi. Nikamwambia ni mtu aliyejua kwamba fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza ni kile cha kutufanya tuonekane wakubwa. Chokaa imeshafika Kiunga. Mimi naondoka Jumatatu, na nimenunua ndoo.