Maisha ya Tumshukuru, Dobi Aliyekuwa na Neno

Alizaliwa asubuhi ya Jumatano ya Majivu, binti, mtoto wa nne na wa mwisho wa fundi viatu, katika chumba kilichopakana na karakana ya baba yake. Wanaosema kwamba alizaliwa bila kulia wanatia chumvi. Mkunga mwenyewe aliniambia kuwa alilia kama watoto wote. Kimya kilikuja baadaye. Baba yake alikuwa mtu wa sauti kubwa na mzaha mwingi, aliyependa kuwaita wanawe wawaamkie wateja. Wale watatu wakubwa walifanya hivyo kwa mbwembwe, lakini huyu wa mwisho, macho ya watu yakimwelekea tu, magoti yaligongana, na mara mbili alijikojolea papo hapo. "Ulimi wa huyu kaung'oa nani?" baba aliuliza, wateja wakacheka, naye akajibanza chini ya benchi katikati ya soli na vipande vya ngozi. Peke yake na mama yake aliongea kama chiriku. Nawaomba waamini wasinune nikizitaja aibu zake, maana bila hizo sina cha kusimulia.

Alipofikisha miaka kumi na sita, padri alimpanga asome somo la kwanza Jumapili ya pili ya Majilio. Alilikariri wiki nzima, mpaka mama yake naye akalijua kwa moyo. Siku ilipofika alipanda mimbarini, akakishika kitabu, akaviona vichwa vyote vile vimemwelekea, na maneno yote yakampotea isipokuwa yale ya kufungia. Akasema, "Neno la Bwana." Watu, kwa mazoea, wakaitika, "Tumshukuru Mungu." Akashuka, akaketi. Hakuna kilichosomwa. Kanisa zima likaangua kicheko, hata padri akajifunika uso kwa leso, na tangu siku hiyo hakuitwa tena kwa jina lake la ubatizo. Akawa Tumshukuru, sokoni, njiani, hata kwao. Aliapa kwamba hatasimama tena mbele ya watu, na kiapo hicho akakishika kwa miaka ishirini na mitatu.

Akatafuta kazi isiyo na maneno, akaipata katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini ya ngazi, ambako mashine zilinguruma kiasi kwamba hata aliyekuwa na la kusema aliliahirisha. Huko alimkuta mwanamke mmoja aliyemzidi miaka kumi, ambaye wote walimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili: kila mmoja hushika pembe mbili, wakalinyoosha, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena. Kila walipokutana, Mama Pasi alikuwa na la kumwambia.

"We Tumshukuru, kwangu unabwabwaja kutwa nzima, mbele za watu unakuwa gogo. Kwa nini?"

"Wewe ni mmoja, dada."

"Na wale ni mmoja mmoja, mdogo wangu. Wamekaa pamoja tu."

Hivyo walikunja mashuka miaka kumi na tisa, na naamini hiyo ndiyo ilikuwa seminari yake.

Mwanzoni mwa Kwaresima moja, koki ya tangi la maji ya moto ililegea. Mama Pasi alikwenda kumweleza msimamizi, Tumshukuru akiwa amesimama nyuma yake bila kufungua kinywa. Msimamizi akasema wafunge kitambaa, fundi atakuja. Walirudi mara ya pili, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu walimkuta ofisini na karani wake, naye akawafokea mbele ya karani: "Nimewaambia mfunge kitambaa! Hamna kazi?" Tumshukuru akafunga kitambaa kwa mikono yake. Jumatatu ya Juma Kuu koki iling'oka, na maji yaliyokuwa yakichemka yakamwagikia Mama Pasi kifuani na mkono wote wa kulia.

Baada ya Pasaka kikao kiliitishwa katika ukumbi wa kulia chakula, wafanyakazi wote wakiwapo, na Mama Pasi akaketishwa mbele na bandeji zake. Msimamizi alieleza kwamba hakuwahi kuambiwa habari za koki, na kwamba mwanamke huyu aliichezea mwenyewe. Karani akaandika. Mkuu wa hospitali akasoma uamuzi, kuachishwa kazi kwa uzembe, kisha akauliza, kama inavyoulizwa kila kikao, "Kuna mwenye neno?" Mama Pasi hakumtazama mkuu wala msimamizi; alimtazama mwenzake wa mashuka. Tumshukuru alinyanyuka nusu. Watu wakageuka. Akajifanya anarekebisha gauni lake, akaketi. Kikao kikafungwa kwa sala.

Ole wetu! Kwa miezi minane iliyofuata alikwenda kila alasiri nyumbani kwa Mama Pasi, akamwosha vidonda visivyotaka kupona na kumfulia bandeji, huku mama mzazi wa mgonjwa, bibi wa miaka themanini, akisimulia mlangoni jinsi majirani wanavyosema binti yake alijiunguza kwa ujinga wake. Bibi hakujua anamweleza nani. Mama Pasi hakumlaumu mwenzake hata siku moja. Mara moja tu, akibadilishiwa shuka, alisema, "Siku ile ulinyanyuka. Nilikuona."

"Nikaketi, dada."

"Ulinyanyuka lakini. Siku nyingine utamalizia."

Wakapatana kwenda pamoja kwa mkuu wa hospitali Jumatatu, Mama Pasi akiegemea bega lake. Wakafanya mazoezi ya maneno yatakayosemwa, pale kitandani, mmoja ameshika pembe mbili za shuka na mwingine mbili. Mama Pasi akafariki Jumamosi.

Alizikwa baada ya Misa ya asubuhi, kanisa likiwa limejaa watu wa hospitali. Msimamizi alisoma salamu za rambirambi za kazini, akamalizia kwa kusema kifo hiki kitufundishe uangalifu. Bibi kizee akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Mwongozaji wa mazishi akauliza, "Kuna mwenye neno juu ya marehemu?" Tumshukuru akasimama, safari hii wima, akatoka kwenye benchi, akashika ubao wa jeneza kwa sababu magoti yalikuwa yanamwangusha. Walioketi mbele waliona gauni lake likilowa. Hakuna aliyecheka.

"Nina neno," alisema. "Koki ilikuwa mbovu. Marehemu alisema mara tatu, na mara zote tatu nilikuwapo. Msimamizi alituambia tufunge kitambaa. Kitambaa nilikifunga mimi, kwa mkono huu. Siku ya kikao tuliulizwa, nikanyamaza, kwa sababu niliwaogopa ninyi. Hakuwa mzembe. Mzembe ni mimi."

Akataka kuketi, lakini hakujua hotuba inafungwaje, maana hakuwahi kufunga hata moja. Akasema la pekee alilolijua: "Neno la Bwana."

Kisha bibi kizee akainua kichwa, akaitika peke yake, "Tumshukuru Mungu." Ndipo wote wakaitika.

Msimamizi aliondolewa, na barua ya kumsafisha marehemu ikapelekwa kwa mama yake, ambaye hakujua kusoma, akawa anawapa majirani wamsomee. Tumshukuru hakufurahi, alisema barua imefika nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Kwa miaka kumi na mmoja alisindikiza kila mfanyakazi aliyeitwa kikaoni, akasimama, akasema. Wapo wanaoandika kwamba hofu ilimtoka siku ya mazishi. Si kweli. Kila kikao alitapika kwanza, na alitembea na kibakuli cha bati mfukoni kwa kazi hiyo. Kifua kilichoharibiwa na mvuke na dawa za kufulia kilimwua Ijumaa ya kwanza ya Majilio, akiwa na miaka hamsini. Alipofumbua macho na kuona wodi imejaa, alisema, "Mbona mko wengi hivi?" Kisha akasema, "Haya, kaeni," akawaombea mmoja mmoja mpaka sauti ikakatika.

Kibakuli kimehifadhiwa sakristia. Dada mmoja mwenye kigugumizi alikishika kabla ya kutoa ushahidi, akasema mpaka mwisho, akikwamakwama kwa kila neno. Miujiza mingine iliyosimuliwa siijui vizuri, na Kanisa halijatangaza lolote.

Mwigeni yeye, ndugu waamini, wala msingoje jeneza. Nasema hivyo kwa sababu karani wa msimamizi nilikuwa mimi. Mara ya tatu nilikuwapo ofisini. Kikaoni niliandika "hakuna mwenye neno" kwa mwandiko mzuri. Kwenye mazishi niliitika na wenzangu. Mtu akiandika magoti hayamtetemeki. Sasa paroko ameniomba niyasome maisha haya mimbarini Jumapili ijayo, na bibi yule, ambaye bado yu hai, ataketi benchi la mbele. Nimekubali. Kibakuli nimekwisha kukiomba.