Mwanga Unaotafuta Weusi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Garissa, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nikinyoa ndevu. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilijifungia bafuni kwetu, mtaa wa Waberi, na wembe na kioo kidogo, roho juu, mama asije akabisha hodi. Kufikia adhuhuri kidevu kilishaanza kukwaruza. Darasani nilivuta mtandio hadi mdomoni, na watoto wakadhani nina kikohozi kisichopona.

Kisha nikachumbiwa na mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Bute, mbali kaskazini, ambako ningehamia. Watu walinipongeza. Siku moja mkono wake ungenigusa uso.

Mtu pekee aliyejua ni habaryar, mdogo wake mama, aliyehamia Kanada. Yeye hakuandika barua, alirekodi kanda. Katika moja aliyonitumia mimi peke yangu alisema, akiniita dada kwa Kisomali chetu: "Abaayo, huku kuna mashine ya mwanga, leza. Inaua nywele kwenye mzizi. Nimesikia hata Nairobi yuko daktari anayo."

Nikamdanganya mama kwamba nakwenda semina ya walimu Nairobi.

Daktari alikuwa mzee mpole. Kabla ya kutazama kidevu, aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu.

"Mwanga huu unatafuta weusi," alisema. "Kwa Mzungu, cheusi ni unywele tu. Kwako wewe ngozi nayo ni nyeusi. Mashine haijui ishike kipi, iache kipi."

"Na zikiungua, hazioti tena?"

"Hupungua. Kama zinakwisha kabisa, sijui. Kitu chenyewe ni kipya. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya. Ushauri wangu ni usifanye."

Nilimsihi mpaka nikalia. Mwisho akakubali kujaribu mahali padogo chini ya taya, panapofichwa na mtandio. Alinifunika macho. Kila mwanga ulipopiga nilihisi kama nimechapwa na mpira uliovutwa, kisha nikasikia harufu ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa motoni.

Kesho yake, nikiwa nimerudi nyumbani, palikuwa na lengelenge. Lilipokauka liliacha doa jeupe, ukubwa wa kifungo cha shati.

Hapo ndipo hofu iliponikamata kweli. Sisi tuna neno la ngozi inayopoteza rangi, baras, na nilimjua mwanamke ambaye yake ilianza na doa moja tu. Nilichukua kalamu nikalizungushia doa mstari, ili nijue likitambaa. Nilikagua asubuhi, nikakagua wakati wa mapumziko ya chai chooni kwa walimu, nikakagua jioni. Jasho likifuta mstari, nauchora upya, halafu nashindwa kujua kama nimeuchora pale pale. Nilikuwa siwezi kula.

Mama aliuona wino nilipoinama kuchota maji. Nilimweleza yote. Hakunigombeza, alivaa viatu, akanishika mkono kama mtoto, tukaenda hospitali.

"Daktari, mtoto yangu ako na baras?" alimuuliza kijana wa zamu, mtu wa bara.

"Hapana, mama. Ni kuungua. Rangi itarudi polepole. Afunike jua lisimpige." Akanigeukia, akashusha sauti. "Na hedhi yako, inakuja kila mwezi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Haikuwa ikija kila mwezi, wakati mwingine ilipita hata miezi mitatu. Akasema huenda ndevu na hedhi vina chanzo kimoja, akaniandikia barua nimwone daktari wa wanawake.

Niliona ni lazima mchumba wangu ajue kabla ya nikahi. Alikuja kutusalimia, mama akakaa mlangoni, nami nikamwambia nikitazama mkeka: ndevu, mashine, doa, hedhi.

"Wallahi umenitisha," alisema. "Nilidhani utaniambia hutaki kuhamia Bute."

Doa lilichukua zaidi ya mwaka kurudisha rangi. Kabla halijamaliza, nywele zilishaota pale pale, nyembamba kidogo kuliko za kwanza. Mtoto wetu wa kwanza alichelewa miaka minne, na hiyo ilikuwa hofu nyingine, lakini hiyo tulikuwa nayo wawili.