Viwavi Wawili, Shina Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai, jirani yetu hupitia mahindi yake shina kwa shina. Vidole vyake vimeingia weusi wa chai. Hufungua majani ya katikati, humtoa kiwavi, humponda kwa kucha, halafu hujifuta kwenye aproni. Leo aliniita. "Bilhah, wewe msomi, kuja uone!" Ndani ya shina moja, kiwavi jeshi mnene alikuwa anamtafuna yule mwembamba anayetoboaga mashina. Nikasema mwalimu alitufundisha: wakibanana, wanakulana. Akachuchumaa, akatazama mpaka yule mwembamba akaisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka. "Si basi tuwaache wamalizane?"

"Lakini mama, huyo anayebaki ndiye anamaliza mahindi."

"Yote?"

"Yote."

Mbegu alinunua mjini Sotik, na kwa sababu ya viwavi hii ni mara ya tatu kupanda msimu huu. Watoto wake wanne wanangojea chakula cha hilo shamba. Aliyarudisha yale majani polepole juu ya yule mnene bila kumponda, kama mtu aliyechoka kupigana, akabeba kikapu, akaenda kazini. Mistari tisa ya mahindi ilibaki haijaguswa.